Nimepata nafasi ya kwenda kufundisha michezo shule za milimani Lesotho. Mliowahi kujitolea nje, nielekezeni

Filimbi ya Kibakwe

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Mpwapwa, upande wa Kibakwe, mwaka wa tisa sasa. Nina darasa la tano, lakini watu wa huku wananijua zaidi kwa netiboli. Timu ya wasichana niliikuta na mpira mmoja, mshono umeachia, bladha inachungulia. Leo nina wasichana kumi na wanne wanaokuja uwanjani hata Jumamosi, na mwaka juzi watatu kati yao walichaguliwa timu ya wilaya ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Nasema haya ili mjue ninakotokea.

Sasa kuna kikundi cha walimu wa kujitolea kinachopeleka watu Lesotho, kwenye shule za msingi za milimani kuzunguka Semonkong. Niliomba, nimekubaliwa. Ni wiki tatu, mwezi wa Juni, kwa sababu ndiyo likizo yetu. Tutakuwa wanne: mimi, mwalimu wa kutoka Zambia, na wawili wa kutoka Ulaya. Ratiba waliyonitumia ina shule tano, siku tatu kila shule: siku ya kwanza riadha, ya pili netiboli na mpira wa miguu, ya tatu bonanza. Malazi na chakula ni juu yao, nauli juu yangu. Nimeweka akiba tangu mwaka jana, na alizeti imenisaidia.

Sijawahi kutoka nje ya nchi. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Mwanza, nilipokwenda kozi fupi ya michezo Malya. Kwa hiyo nina maswali mengi, mnivumilie.

La kwanza ni mwili. Naambiwa huko ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mimi nakimbia na watoto mchakamchaka kila asubuhi, nina afya, lakini sijui kifua kitasemaje huko juu. La pili ni mzigo. Ndege inaruhusu kilo 23. Nibebe mipira? Jezi? Au nibebe nguo za baridi tu? La tatu ni lugha. Kiingereza changu ni cha kufundishia, kinatosha kwa walimu wenzangu, lakini watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaongea Kisotho tu.

La nne ndilo linaloninyima usingizi. Nilipomweleza baba nyumbani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, siku tatu. Ukishaondoka, wale watoto watabaki na nini?" Hakuuliza kwa kunivunja moyo, ndivyo alivyo. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Na mimi sitaki kwenda kupiga picha na watoto wa watu kisha nirudi.

Naombeni msaada.

Mwalimu wa Kondoa

Hongera sana, mwalimu, na mpe baba yako salamu zangu. Swali lake ni zuri kuliko ratiba uliyotumiwa.

Nafundisha sekondari huku Kondoa. Lesotho nimekwenda mara mbili, 2018 na 2019, milima hiyohiyo unayoitaja. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza kwa sababu linaweza kuharibu safari nzima: Juni. Kule Juni ni katikati ya kipupwe. Usiku maji yanaganda kwenye ndoo, na theluji huanguka. Shule zao huanza Januari kama zetu, lakini mapumziko yao marefu ya katikati ya mwaka yamewekwa hapohapo kwenye baridi, na wengi hufunga mwezi huohuo wa Juni. Likizo yetu na likizo yao zinagongana. Usimuulize aliyekutumia ratiba. Omba namba za wakuu wa shule wenyewe, waulize wanafunga tarehe ngapi. Mwenzetu mmoja alifika akakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi hana cha kumwambia.

Lugha isikutie hofu. Kisotho ni ndugu wa Kiswahili, ukisikiliza kwa makini utamtambua. Mtu ni motho, watu ni batho. Nyama ni nama. Nilipohesabu na watoto wakati wa kupasha misuli, wao walisema peli, tharo, halafu wakafika nne, nikashtuka: nne yao ni nne yetu! Tano ni hlano. Tangu siku hiyo kila zoezi nililihesabu kwa lugha zote mbili, wao wakicheka matamshi yangu, mimi nikicheka ya kwao. "Ema" ni simama, "matha" ni kimbia, mpira ni bolo. Kwa maneno matatu hayo na filimbi unaendesha saa nzima ya michezo. Hata Semonkong maana yake ni mahali pa moshi, kwa ajili ya mvuke unaopanda kutoka maporomoko ya Maletsunyane, maji yanayoanguka mita 192. Mwanamume mwambie "Ntate", mwanamke "'M'e", hata kama ni mdogo kwako. Na salamu kwanza, kama kwetu. Ukifika mahali ukaanza na ratiba kabla ya "Dumelang", umeshaanza vibaya.

Sasa swali la baba.

Mwaka 2018 tulifanya hasa hicho ulichoandikiwa. Siku tatu, shule nyingi, bonanza siku ya mwisho. Watoto walifurahi kupita kiasi. Niliondoka nimebeba barua za shukrani na nimeacha mipira sita, mipya, ya ngozi. Nikajiona nimetenda jambo. Mwaka uliofuata nikapewa shule ileile. Nikamkuta mwalimu yuleyule, mama mmoja mkarimu sana, akanifungulia kabati la ofisini. Mipira sita imo, minne imeisha upepo, miwili haijawahi kuguswa. Nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu kwa upole kabisa, bila lawama: "Tulikuwa tunakusubiri, Ntate."

Mwalimu, sentensi hiyo sijaisahau. Mwaka mzima watoto mia mbili na kitu hawakucheza, kwa sababu mimi niliwaonyesha kwamba michezo ni jambo linaloletwa na mgeni. Nilisimama katikati ya uwanja na filimbi yangu, walimu wao wakakaa pembeni kwenye viti, wamejifunika mablanketi, wakinitazama. Hakuna aliyewakaribisha ndani. Kosa hilo lilikuwa langu.

Mara ya pili tulifanya kinyume. Shule mbili tu kwa muda wote. Asubuhi ya kwanza sikugusa watoto, nilikaa na walimu kama tunavyokaa kwenye MEWAKA, mafunzo yetu ya walimu kazini, nikawauliza mlicheza nini mlipokuwa wadogo. Hapo ndipo kulipochangamka! Wana mdako wao, wanauita liketo, mawe yaleyale, shimo lilelile. Wana kuruka kamba. Mwalimu mmoja wa umri wa kustaafu alisimama akaonyesha hatua za ngoma yao ya wanaume, vumbi likatimka darasani. Mimi nikawafundisha rede. Unaijua rede: wawili wanarusha, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira. Inahitaji hatua kama kumi na tano za ardhi, mpira wa matambara na chupa. Siku ya pili tuliendesha kwa pamoja. Siku ya tatu walimu wao wakaendesha, mimi nikawa nashika daftari la majina. Kuanzia siku ya nne nilikuwa naitwa pale tu mtoto alipoumia.

Na kuhusu mipira ya kubeba, zingatia mlima. Uwanja wa shule ya kwanza ulikuwa na mteremko ambao mpira ukivuka mstari, ndio kwaheri, unashuka mpaka mtoni, na mtoto anaufuata nusu saa. Mpira wa ngozi unadunda na kubingirika. Mpira wa matambara na nailoni, ule wa chandimu tuliokulia nao, ukianguka unakaa hapohapo. Mlimani mpira wa chandimu unafaa kuliko wa dukani, na si kwa sababu ya umaskini. Beba mipira miwili tu ya netiboli, isiyo na upepo, pampu moja na sindano za kujazia tano, maana sindano ndizo zinazopotea. Kilo zilizobaki weka sweta.

Mzazi wa Chamwino

Nisameheni, mimi si mwalimu, na sitaki kumkatisha tamaa dada yetu. Ila lazima niseme ninaloliona. Shule anayosoma mwanangu, hapa hapa Chamwino, uwanja ni kipande cha ardhi yenye miiba, magoli ni miti miwili iliyopinda, na kipindi cha michezo ndicho watoto wanapotumwa kuchota maji. Mwalimu mwenye kipaji kama huyu, anayejua kuinua timu kutoka mpira mmoja, ndiye tunayemhitaji huku. Kwa nini nauli yake ya alizeti iende Lesotho badala ya kwenda shule ya jirani?

Nauliza kwa nia njema. Labda kuna jambo silioni.

Tabibu Makole

Mimi ni afisa tabibu, nipo Dodoma mjini. Niachieni swali la kifua.

Dodoma tuko kwenye mita kama 1,100, kwa hiyo dada hatoki usawa wa bahari, tayari ana nusu ya ngazi. Semonkong ipo zaidi ya mita 2,200. Huko msukumo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa Dar es Salaam, na kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa kiwango hicho. Ugonjwa wa mwinuko huanza zaidi watu wanapovuka mita 2,500, lakini wapo wanaosikia dalili chini ya hapo: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, kuchoka bila sababu. Siku mbili za mwanzo tembea, usikimbie. Kunywa maji hata kama husikii kiu, baridi inaficha kiu. Pombe iache kabisa siku hizo. Kichwa kikiuma na dawa ya kawaida ya maumivu ikashindwa, au ukikosa pumzi ukiwa umekaa tu, shuka chini, usingoje kesho.

Usishindane na watoto wa huko mbio. Wamezaliwa humo, damu yao imezoea. Ni mwinuko unaokaribiana na wa jiji la Mexico, alikokimbia John Stephen Akhwari wa Mbulu kwenye marathoni ya Olimpiki ya 1968. Yeye alikuwa mkimbiaji wa kimataifa, na bado ile hewa ilimkamata misuli njiani kabla hajaanguka na kuumia goti. Akamaliza wa mwisho, amefungwa bandeji mguuni, uwanja umeshaanza kutiwa giza.

Jambo ambalo wengi hawalijui: jua. Ukipanda kila mita 1,000, miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia kumi. Hewa ya baridi inakudanganya kwamba jua halipo. Kofia pana, mafuta ya midomo, miwani. Na kwa upande wa joto, kila mita 1,000 unapoteza nyuzi sita hivi. Ongezea kipupwe juu yake. Sweta moja haitoshi, mwalimu wa Kondoa amesema kwa upole mno.

Kwa watoto: waanze polepole, wapashe misuli muda mrefu kuliko huku, maana misuli ya baridi hukatika. Bandeji za kukaza ndizo utakazotumia zaidi. Vifundo vya miguu kwenye mteremko vinateguka ovyo.

Nilisoma Kongwa

Naongea kama niliyekuwa upande wa pili, kwa hiyo nisikilizeni.

Nikiwa darasa la sita, walitujia wageni wa kujitolea, vijana wachangamfu, kutoka mbali. Nchi siitaji, shule siitaji. Walikaa wiki moja. Walitufundisha mchezo unaotumia gongo na mpira mdogo mgumu, mchezo wa kwao. Walikuja na vifaa, wakaondoka navyo, kwa sababu vilitakiwa shule nyingine. Mimi nilikuwa nimeupenda mchezo ule kuliko kitu chochote. Nilichonga gongo langu la mkwaju. Kwa miezi nikawa napiga kokoto peke yangu nyuma ya nyumba, hakuna wa kucheza naye, hakuna aliyekumbuka sheria. Sijui kama mnaelewa upweke wa namna hiyo kwa mtoto.

Halafu picha. Walitupiga picha nyingi. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo hapa UDOM, nikaiona sura yangu kwenye karatasi ya kuombea michango. Nimepiga magoti, kamasi zinatoka, pembeni kuna maandishi kwamba mtoto huyu hana matumaini. Nilikuwa nimeshinda mbio za mita mia siku ile! Kamasi zilikuwa za kukimbia.

Kwa hiyo dada Filimbi, maombi yangu mawili. Fundisha mchezo ambao vifaa vyake vinapatikana umbali wa kutembea kwa miguu. Na kamera iache chumbani mpaka siku mwalimu wa pale atakapokuomba uilete.

Kuhusu hoja ya mzazi wa Chamwino, mimi naielewa, inaniuma hata mimi. Ila sikubali kwamba Mtanzania akienda kusaidia nje ni mali iliyopotea. Sisi tumezoea kuwa wa kupokea tu. Huyu anakwenda kama mtu mwenye kitu.

Katibu wa Halmashauri Fulani

Kwa kifupi, upande wa karatasi. Wewe ni mtumishi wa umma, kuwa likizo hakutoshi, unahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule na Afisa Elimu Kata, iende kwa Mkurugenzi, ambatanisha mwaliko. Anza sasa, usingoje Mei. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hiyo hata ukishuka Johannesburg na kwenda kwa basi, kama kilomita 400 hadi Maseru, utapita mipaka miwili: mwaliko wako uwe mkononi, usiuweke kwenye begi la chini.

Filimbi ya Kibakwe

Nimesoma yote, mengine mara tatu. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta majibu ya wakuu wa shule kama nilivyoelekezwa.

Mwalimu wa Kondoa, ulisema kweli. Wakuu wawili wamenijibu. Wote wanafunga katikati ya Juni. Ratiba ya wiki tatu ingenikuta na siku tisa tu za masomo. Nilimwandikia mratibu nikamweleza, nikapendekeza mimi na yule Mzambia tushike shule mbili tu kwa siku zote hizo, na asubuhi ya kwanza iwe ya walimu. Nilidhani atakataa, kwa sababu wafadhili wao wameahidiwa shule tano. Alikaa kimya siku nne. Jana amekubali. Wale wawili wa Ulaya watakwenda shule ya tatu, mbili zilizobaki zimesogezwa mpaka Septemba na kundi lingine.

Mzazi wa Chamwino, nakuita kaka, kama ni dada unisamehe. Maneno yako yaliniingia. Sitakuambia kwamba hukosei. Nilikaa nikajiuliza kwa nini nataka kwenda, na jibu la kweli ni hili: kwa miaka tisa mimi ndiye mwalimu pekee wa michezo ninayemjua. Sijawahi kumwona mwalimu mwingine wa kijijini akifundisha netiboli, nikajifunza kwake. Nataka kuona wenzangu wanafanyaje kwenye mteremko na baridi, bila vifaa. Na nikirudi, nipo tayari kuja Chamwino Jumamosi mbili, bila malipo, nikae na walimu wa shule ya mwanao. Nitumie ujumbe. Ila kipindi cha michezo kisiwe cha kuchota maji, hilo itabidi wazazi mlisimamie kwenye kikao, mimi siliwezi.

Nilisoma Kongwa, habari ya ile picha niliwasomea wasichana wangu wa netiboli. Walinyamaza. Mmoja akauliza kama wale watoto wa Lesotho wataulizwa kabla ya kupigwa picha. Nimemwambia simu yangu itakaa kwenye begi.

Tabibu, asante sana. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha kwamba Watanzania tunakimbia! Mwaka 2025 Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu hawa, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, akamshinda Mjerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, saa zao zikaandikwa sawa, 2:09:48. Nitawasimulia hilo nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza.

Kuna kitu kimoja kimetokea ambacho sikukitegemea. Mmoja wa wale wakuu wa shule alimpa namba yangu mwalimu wa darasa la nne. Akaniandikia usiku: uwanja wetu umelala upande, mvua ilipokuja ilikula pembe moja, kuna mchezo gani watoto sitini wanaweza kucheza bila kutoka nje ya ua? Nikamweleza rede. Akauliza mpira unatengenezwaje. Nikampigia picha hatua kwa hatua, matambara, nailoni, kamba. Juzi amenitumia sauti za watoto wanapiga kelele. Wameshaanza. Mimi sijafika hata Dar!

Sasa sijui nikifika nifanye nini naye. Nilikuwa nimepanga rede ndiyo iwe somo la siku ya kwanza.

Na swali jingine: anasema kuna wavulana wachungaji wanaokuja kusimama nje ya ua mchana, na mablanketi na gambuti, wanatazama tu. Hawasomi. Anauliza wakiomba kuingia afanyeje.

Mwalimu wa Kondoa

Furaha niliyoipata kusoma hayo, mwalimu, sitaieleza.

Huyo mwalimu ndiye mwendeshaji wako. Siku ya kwanza mbele ya walimu wengine, yeye aonyeshe rede, wewe ukae kwenye kundi la wachezaji, ukwepe mpira kama wengine. Wenzake wakimwona yeye, watasema hata mimi naweza. Wakikuona wewe, watasema huyu ni mgeni. Kisha wewe mwongezee asichokuwa nacho: namna ya kugawa watoto sitini makundi sita, viongozi wa makundi wa darasa la sita na la saba, namna ya kuweka alama kwenye daftari ili mkuu wa shule aone ni somo. Hapo ndipo wengi hukwama. Kucheza wanajua, kinachowashinda ni kuwapanga watoto.

Netiboli ifuate siku ya tatu. Pete za kufungia unaweza kutengeneza kwa nondo nyembamba kwa fundi wa hukohuko Semonkong, na nguzo wanazo, miti ya mipopla ipo. Pima urefu mwenyewe, mita 3.05, wasikubandikie chini. Wasichana wengi watakuwa na sketi za shule na baridi ni kali. Waambie walimu mapema wavae suruali au kaptura kwa ndani, usingoje siku yenyewe, maana atakayeona aibu atakaa pembeni na hatasema sababu.

Wachungaji. Nilikutana nao kila siku. Kule mvulana wa miaka kumi anaweza kulala malishoni na mifugo miezi kadhaa, shule anaisikia kwa mbali. Kisotho wanamwita molisana. Sikiliza vizuri neno hilo, utasikia kulisha kwetu ndani yake. Usiwaingize kwa nguvu ya ugeni wako wakati wa masomo. Mifugo ikila shamba la mtu, atakayechapwa si wewe. Mwombe mkuu wa shule muda wa saa nzima jioni, ng'ombe wakisharudi zizini, ua uachwe wazi. Sisi tulifanya hivyo. Siku ya kwanza walikuja wanne, wakasimama. Ya pili kumi na mmoja. Wanarusha mawe kila siku kurudisha kondoo, kwa hiyo mkononi wana shabaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto wa shule. Kwenye rede hakuna aliyewaweza. Watoto wa darasani wakaanza kuwagombania kwenye timu, na mwalimu mmoja akaanza kuandika majina yao kwenye daftari lilelile. Wawili niliwaacha wanajifunza kusoma majina yao wenyewe.

Filimbi ya Kibakwe

Nimeelewa. Nimemwandikia, amekubali kuonyesha rede yeye, ila anaogopa wenzake. Tutafanya mazoezi kwa simu.

Jumamosi hii wasichana wangu wanakuja nyumbani na matambara. Wanasema watatengeneza mipira kumi na miwili, ile ya mfano, na kila mmoja atashona alama yake ndani, mahali pasipoonekana. Kamba ya katani nimeipata gulioni, mita thelathini. Barua ya kibali imefika kwa Mkurugenzi. Tarehe ikikaribia nitashuka Dodoma siku moja kabla, nipande treni ya asubuhi kwenda Dar. Tabibu, nitapita Makole unionyeshe kufunga bandeji ya kifundo.